Shahidi wa Jina la Enoka

Mtoto wa Judith alikataa majina sita, akalikubali la saba, na hilo la saba ndilo lililoleta kizaazaa.

Katika ukoo wa Siwale wa Chapwa, pale nje kidogo ya Tunduma, mtoto hapewi jina; huchagua mwenyewe. Kitovu kikishadondoka, shangazi mkubwa hukaa mbele ya mzazi, mtoto huwekwa kwenye titi, kisha shangazi huanza kuwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mtoto akigeuza uso, aliyeitwa siye. Akishika titi akanyonya, basi mwenye jina hilo amerudi nyumbani. Waliosoma huwacheka watu wa Chapwa kwa jambo hili, halafu wake zao wakijifungua humtafuta shangazi kwa mlango wa nyuma.

Siku ile shangazi Tabita Nawale, kama wanavyoitwa mabinti wa Siwale, alimwita babu, akamwita baba wa babu, akawaita ndugu wanne waliokwenda na surua mwaka mmoja. Kila mara mtoto aligeuza uso na kulia mpaka akabadilika rangi. Ndipo Ketrina, bibi yake mtoto, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na ambaye tangu asubuhi alishaambiwa asifungue mdomo, alipoufungua.

“Enoka,” alisema.

Mtoto akalishika titi. Alinyonya kwa pupa, wote mle ndani wakasikia anavyomeza. Judith alianza kulia kwa furaha. Shangazi Tabita akanyoosha mkono, akaingiza kidole pembeni mwa mdomo wa mtoto, akamtoa kwenye titi la mama yake.

“Huyo hapana,” alisema. “Huyo bado.”

Enoka alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Ketrina. Aliingia jeshini akiwa na miaka ishirini na moja, akapelekwa Msumbiji pamoja na wenzake kuisaidia serikali ya kule dhidi ya waasi, na mwaka themanini na nane akafia huko, hana mke wala mtoto. Kaburi lake liko Mtwara, safari ya siku nne, na Ketrina hakuwahi kulitia machoni. Alichobaki nacho ni barua moja ya serikali, barua tatu za Enoka mwenyewe, na shati. Mumewe alimfuata mtoto mwaka uliofuata. Sasa ulikuwa mwaka tisini na nne, na huyu mtoto mchanga alikuwa wa Lucky, mzaliwa wa pili, kijana aliyekuwa akibadilisha kwacha za Zambia pale mpakani na kuamini kwamba mambo ya wafu ni ya wanawake.

“Shangazi, mtoto amechagua,” Ketrina alisema. “Umeona kwa macho yako.”

“Nimeona. Na wewe unaijua sheria ya nyumba hii, uliikuta hapa ulipoolewa.” Shangazi Tabita alimrudisha mtoto mapajani kwa Judith, akakunja khanga yake vizuri, akaanza kusema polepole, maana alipenda kusikilizwa. “Aliyekufa kitandani anarudi peke yake. Aliyekufa vitani anarudi na vita vyake. Kama upande wake ulishinda, jina limetulia, mtoto atakua. Kama walishindwa, jina linakuja kudai. Babu yetu Yohani alikufa kwenye vita vya Wajerumani amebeba mizigo ya walioshindwa. Jina lake walimpa mtoto. Mlizika wangapi kwa jina lile?”

Walikuwa watatu, na wa tatu Ketrina alimzika kwa mikono yake.

“Kule Msumbiji walishinda,” Ketrina alisema. “Walirudi wakiimba. Waliandikwa kwenye magazeti.”

“Redio inasema waasi wameingia bungeni. Wamevaa suti. Mimi ni mwanamke wa kijijini, sijui mambo ya bunge. Lakini sijawahi kuona aliyeshindwa akikaribishwa kiti.” Shangazi aliinuka. “Jumamosi wazee watakaa. Niletee mtu aliyekuwa kule, ampulizie mtoto maji ya ulezi, aseme kwa mdomo wake kwamba walishinda. Asipopatikana, mtoto ataitwa Andrea, jina lisilo la mfu yeyote, na jina la Enoka tutalifunga.”

Jina likifungwa limefungwa. Halitaitwa tena kwa mtoto yeyote, wala kwenye misiba, wala wakati wa kumwaga pombe ya mavuno. Ketrina alikuwa mama wa mtu aliyekufa, na hilo alishalizoea, kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Sasa aliambiwa kwamba ifikapo Jumamosi atakuwa mama wa mtu ambaye hakuwahi kuwapo, na moyo wake ukakataa katakata.

Jumatatu alishuka mjini. Mtu wa Tunduma akitaka kujua jambo la nchi za watu haendi kwa mwalimu wala kwa mchungaji. Anakwenda dukani kwa Othmani. Othmani alikuwa Mmakua wa Masasi, alifika mpakani zilipoanza zile enzi za ruksa ya biashara, na duka lake la vitenge na mablanketi lilikuwa na benchi refu kibarazani ambalo halikuwahi kukosa mabingwa. Walikuwapo madereva wanaosubiri karatasi zao zigongwe mhuri, na wenye maduka jirani ambao biashara imelala. Watu hao waliweza kubishana kuanzia chai ya asubuhi hadi adhuhuri juu ya mpira uliochezwa Brazili, na mbishi mwenyewe Brazili hajui kama iko kaskazini au kusini.

“Karibu, Mama Enoka,” Othmani alisema, akampisha akae. Ketrina alieleza shida yake yote, hakuficha kitu. Wanaume walisikiliza kwa heshima. Kisha, kwa bahati mbaya, akauliza, “Sasa ninyi mnaojua, nani alishinda?”

Ilikuwa sawa na kumwaga mtama mbele ya kuku.

“Serikali, mama. Hata usiulize,” Othmani alianza. “Angalia nani analala Ikulu ya Maputo. Ni wale wale. Waasi walitaka kuwatoa, hawakuwatoa. Kura zimepigwa, wameshindwa tena. Umekwenda kuchukua nyumba ya mtu, umerudi bila nyumba. Huo ni ushindi gani?”

“Wewe!” alisema Twaibu. Huyu alikuwa dereva wa lori la mafuta, mtu wa Tunduru, mjomba wake alioa ng'ambo ya Ruvuma, na kwa sababu hiyo alijihesabu kuwa nusu mtu wa Msumbiji. “Muasi aliingia porini na kaptula. Leo ametoka na chama, ana viti bungeni zaidi ya mia. Nikuulize, Othmani. Mwizi akija dukani kwako, ukampiga na yeye akakupiga miaka kumi na sita, mwisho mkakaa Roma mkasaini kwamba achukue nusu ya vitenge. Watu wa benchi hili watasema nani kashinda?”

“Watasema nimelinda duka.”

“Watasema umegawa duka!”

Mtu wa tatu akasema walioshinda ni Makaburu waliokuwa wakiwapa waasi bunduki. Wa nne akasema Makaburu wameanguka mwaka huu huu, wameshinda nini? Wa tano akasema vita havina mshindi, na kwa neno hilo la busara wote wakamgeukia wakamzomea, maana lingemaliza ubishi. Walicheka. Othmani alipiga kaunta kwa mkono. Walikuwa wamesahau kabisa kwamba Ketrina yupo.

Ketrina aliwatazama wanavyocheka. Aliwachukia. Hakuwachukia kwa ubaya wao, maana hawakuwa wabaya. Othmani alimtumia blanketi wakati wa msiba na hakuuliza malipo. Aliwachukia kwa sababu kwao jambo lile lilikuwa na utamu.

“Na waliokufa?” aliuliza.

Twaibu alikuna shingo, kisha akauliza taratibu, “Waliokufa wa upande gani, mama?”

“Wa kwangu.”

Othmani aliinamisha kichwa, akasema, “Tusamehe, Mama Enoka.” Lakini kusamehe hakumpi mtu shahidi. Ni Twaibu aliyekumbuka, labda kwa aibu. Pale Ihanda, karibu na barabara kuu, kuna kilabu cha pombe ya komoni, na kuna mtu mle aliyekuwa askari Msumbiji. Ukisema mbele yake kwamba kule hawakushinda, anakupiga. Alishamvunja jino muuza mbolea. Anaitwa Anyitike.

Ketrina alishtuka. Jina lile alilijua kwa kusomewa barua. *Tunalala hema moja na Anyitike, Mnyakyusa wa Rungwe, anakoroma lakini ni ndugu yangu.* Lilikuwa kwenye barua ya pili na ya tatu.

Jumatano karatasi za Twaibu ziligongwa mhuri, akampakia Ketrina kwenye lori lake hadi Ihanda na kumshusha mbele ya kilabu. Njia nzima Twaibu hakuzungumzia vita hata kidogo, alizungumzia matairi.

Saa tano za asubuhi kilabu kilishajaa. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na watu walipaswa kuwa shambani, lakini walevi wana kalenda yao. Anyitike hakuhitaji kuonyeshwa kwa kidole. Alikuwa amesimama katikati, mtu mrefu aliyekonda, mkononi kata ya komoni, akimsomesha mzee mmoja ambaye hakuwa na hamu ya kusoma.

“Tulipofika Zambezia watu walikuwa wanakula majani, mzee! Majani ya porini! Tulipoondoka walikuwa wanalima mahindi. Watoto wanakwenda shule. Huo siyo ushindi? Nani anasema siyo ushindi?”

“Mimi sijasema kitu,” mzee alisema. “Ila mlipoondoka, waasi si walirudi?”

“Walirudi kwa sababu tuliondoka! Tulipokuwapo tulishinda! Tulishinda kila siku!”

Sauti ilimpasuka. Ketrina alisikia, na akafurahi, Mungu amsamehe. Alijiambia kwamba huyu ndiye. Mtu anayepigania ushindi ule hadi kuvunjana meno hatashindwa kuusemea mbele ya wazee watatu wa Chapwa.

Alimsogelea, akamsubiri amalize kupumua. “Wewe ndiye Anyitike? Mimi ni mama yake Enoka Siwale.”

Anyitike aliiweka kata chini, na pombe ikamwagika, hakuitazama. Pombe yote ilimtoka kichwani kwa mara moja. “Shikamoo, mama,” alisema. Kisha akasema tena, “Shikamoo, mama,” kama vile ile ya kwanza haikufika.

Walitoka nje, wakakaa kwenye gogo pembeni mwa shamba la kahawa. Ketrina alimweleza yote: titi, jina la saba, shangazi, sheria. Alimweleza na maji ya ulezi, kwamba shahidi huchukua fundo la maji yenye unga wa ulezi mdomoni, husema ushahidi wake moyoni kwanza, humpulizia mtoto kichwani, ndipo husema kwa sauti. Na kwamba anayepuliza huku ameficha uongo amemtemea mtoto uongo huo, utamla.

“Kwetu Rungwe na sisi tunapuliza,” Anyitike alisema. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja.

“Basi unajua. Sikuombi kitu kigumu. Useme lile unalolisema kila siku.”

Machozi yalianza kumtiririka Anyitike, bila sauti, na Ketrina akamshika bega. Aliona ni machozi ya mtu aliyempoteza ndugu. Alimwonea huruma hata zaidi ya alivyojihurumia mwenyewe, akamwambia maneno ambayo baadaye yangemchoma: “Mwanangu, najua ulimpenda. Mimi kila Jumapili tangu siku ile nawalaani waliompiga. Namwomba Mungu mama zao walie kama mimi. Ukija Jumamosi utakuwa umenisaidia kumaliza.”

“Nitakuja,” Anyitike alisema.

Alikuja. Jumamosi saa nne alifika Chapwa kwa baiskeli, amenyoa, amevaa shati jeupe, nyuma amefunga jogoo. Hakuwa amekunywa. Alikataa uji, akakataa chai, akaketi kwenye kigoda alichopewa na kutazama miguu yake.

Wazee watatu wa ukoo walikaa ukutani, kila mmoja na fimbo yake. Shangazi Tabita alikaa katikati na bakuli. Judith alikaa mkekani na mtoto, ambaye wiki nzima alikuwa akiitwa “wewe” na “huyu”. Lucky alisimama mlangoni. Mambo ya wanawake yalikuwa yamemkosesha kwenda mpakani siku hiyo. Ketrina alikaa mkabala na shahidi wake, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze alijisikia ana nguvu.

Wazee nao hawakuweza kujizuia. Kabla shahidi hajaulizwa, mmoja alitaka kujua kama kusaini mkataba ni kushinda. Mwingine akasema inategemea nani alitangulia kuomba amani. Wa tatu akasema Watanzania walikuwa wameshatoka wakati wa mkataba, kwa hiyo vita vya Enoka viliisha siku walipotoka, na siku hiyo nani alikuwa juu? Benchi la Othmani lilikuwa limehamia Chapwa.

“Tumemwita mtu,” shangazi Tabita aliwakata. “Asikilizwe mtu.” Akamimina unga wa ulezi ndani ya maji, akakoroga kwa kidole, akampa Anyitike bakuli. “Jaza mdomo. Pima moyoni unachojua. Mpulizie mtoto, kisha useme: Tulishinda, jina hili halina deni.”

Anyitike alipokea bakuli kwa mikono miwili. Akajaza mdomo. Judith alimsogeza mtoto mbele, akamfunua kichwa. Anyitike akainama juu ya kichwa kile kidogo, mashavu yamejaa, na wote wakasubiri.

Alikaa hivyo. Wazee walitazamana. Jogoo alipiga mabawa pale mlangoni alikofungwa. Anyitike bado alikuwa ameinama, macho ameyafumba, na mshipa wa shingo umemsimama. Halafu koo lake likapanda na kushuka. Alikuwa ameyameza maji.

“Mayo!” shangazi Tabita alipiga kelele, akamvuta Judith na mtoto nyuma. Tangu azaliwe hakuwahi kuona shahidi akiyameza maji ya ulezi.

“Siwezi kumtemea mtoto,” Anyitike alisema. Alikuwa amepiga magoti. “Mama, waasi hawakumpiga Enoka. Siku ile hapakuwa na muasi hata mmoja.”

Ketrina hakuelewa. Alisikia kila neno, lakini hakuelewa.

“Ilikuwa alfajiri, ukungu umejaa. Mimi nilikuwa lindoni. Siku mbili kabla walikuwa wamewaua wenzetu wawili, sikuwa nimelala. Nikaona mtu anatoka upande wa mto, amejifunika gunia kichwani kwa sababu ya manyunyu. Nikamwita. Hakujibu. Nikamwita tena, akanyoosha mkono tu, anakuja. Nikapiga.” Alipangusa uso kwa kiwiko. “Alikuwa na muwa mdomoni, mama. Watu wa kijijini walimpa muwa. Alijaza mdomo ndiyo maana hakujibu. Ule mkono, alikuwa ananiletea na mimi kipande.”

Judith alimfunika mtoto kichwa, na Anyitike akaendelea.

“Mlio wangu uliamsha kambi, wote wakapiga risasi kuelekea porini. Kulipopambazuka wakasema kapigwa na waasi, wamekimbia. Mimi sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimbeba. Miaka sita sijasema. Ndiyo maana nabishana, mama. Kama tulishinda, basi labda… kama tulishinda.” Hakuweza kumalizia.

Ketrina alimtazama mtu yule. Alifikiri juu ya Jumapili zote zile, miaka sita ya Jumapili, kanisani amepiga magoti akiwaombea kifo wana wa watu. Wanawake fulani huko Msumbiji, asiowajua kwa sura wala kwa jina, alikuwa amewatakia vilio kwa kosa ambalo watoto wao hawakulifanya. Na aliyelifanya, Ketrina alikuwa amemshika bega, amemwita mwanangu. Alitaka amuue kwa fimbo ya mzee aliye karibu, na kwa dakika nzima hilo lilikuwa jambo rahisi kabisa kulifanya.

Mzee wa kwanza ndiye aliyeanza. “Sasa,” alisema, akikohoa, “aliyeuawa na mwenzake kwa bahati mbaya, tuseme ameshinda au ameshindwa?”

“Hilo ni gumu,” alisema wa pili. “Maana adui hakumgusa…”

“Lakini alikuwa vitani…”

“Nyamazeni!” Ketrina alisema. Hakuwahi kusema hivyo kwa wazee katika maisha yake yote. “Nyamazeni na vita vyenu. Hakushinda. Hakushindwa. Alikuwa analeta muwa.”

Lucky alikuwa amekwishaingia ndani, ngumi amezikunja, akimwendea Anyitike, na Anyitike hakujikinga. Shangazi Tabita alinyoosha mguu wake mkavu katikati ya njia, akamzuia mpwa wake bila hata kuinuka.

“Keti chini, Lucky.” Kisha alifikiri. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye majivuno, na watu wengi walimwogopa kuliko walivyompenda. Lakini sheria za nyumba ile aliziweka kichwani mwake miaka arobaini, na hakuzichezea. Alipoongea hakuwa anajivuna. “Hiki siyo kifo cha vita. Jina halidai ushindi, halidai kushindwa. Linamdai mtu mmoja, na huyu hapa. Wa namna hii alikuwepo zamani, mwindaji aliyempiga mkuki mwenzake kwenye majani marefu. Jina halikufungwa. Lakini haliwezi kurudishwa na shangazi, wala wazee. Aliyelitoa mkononi mwetu ndiye anayelirudisha mkononi mwetu. Ataletewa mtoto na mama wa marehemu, atamshika, atampulizia, atamwita. Asipofanya, au mama asipotoa, tunalifunga leo.”

Wote waligeuka kumtazama Ketrina. Judith alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu, akitikisa kichwa: hapana, mama, hapana. Nje sauti za malori yaliyopanga foleni mpakani zilisikika zikinguruma kwa pamoja, kisha zikatulia.

Kusamehe ni neno zuri la kanisani. Ketrina alilitafuta ndani yake, hakulipata. Kilichokuwamo ni hasira na jina. Aliinuka, akaenda mkekani, akamtoa mtoto mikononi mwa Judith, kidole baada ya kidole, maana Judith hakutaka kuachia. Akavuka chumba. Hatua zilikuwa tano. Kwenda Ihanda kulikuwa karibu zaidi.

Alipiga magoti mbele ya Anyitike ili walingane urefu.

“Nyoosha mikono,” alisema.

Anyitike alinyoosha. Ketrina alimlaza mtoto kwenye viganja vile, akaviona vilivyo, vikubwa, vina sugu za jembe, na kovu kwenye kidole cha shahada. Mtoto alipiga chafya. Shangazi Tabita alileta bakuli mdomoni mwa Anyitike, akamnywesha fundo, na safari hii alipuliza. Maji ya ulezi yalitua kwenye utosi wa mtoto, mengine kwenye kifua cha Ketrina.

“Enoka,” Anyitike alisema. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita kwenye ukungu. “Enoka. Enoka Siwale.”

“Jina limerudi,” shangazi Tabita alisema, na wazee wakagonga fimbo zao sakafuni.

Ketrina alikuwa bado amepiga magoti palepale. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya mgongo wa mtoto, umebanwa kati ya mtoto na viganja vya Anyitike, na hakuutoa. Anyitike alidhani amesahau.

“Mama,” alinong'ona, “nimemshika vizuri.”

“Najua,” Ketrina alisema. “Hata yule ulimbeba vizuri, nami sikuwapo. Ndiyo maana siachii.”